Ulichoagiziwa Hukirudishi

Kambini, 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Mkono wa kushoto una malengelenge mawili ya cheche, lakini hiyo ndiyo pongezi ya mchomelea vyuma, haiui mtu. Simu huku haishiki hata ukipanda juu ya tangi, kwa hiyo tutabaki na barua, na lori linaloleta barua linapanda mara moja kila wiki mbili. Ukiona kimya usianze kuota zile ndoto zako.

Jana wenzangu wamenicheka mpaka nikanuna. Tulikuwa kwenye foleni ya chakula, wali na maharage, kesho maharage na wali, nikawaambia kwamba kwetu tukienda kula mkahawani hakuna anayejiagizia mwenyewe. Kila mtu anamwagizia aliyekaa kulia kwake. Mama ananiagizia mimi, mimi namwagizia mdogo wangu Kasuku, Kasuku anamwagizia shangazi, shangazi anamwagizia mama. Na ulichoagiziwa hukirudishi, unakula mpaka sahani iwe nyeupe. Fundi bomba mmoja akauliza, "Na kama hukipendi?" Nikamjibu, ukikirudisha umemwambia mwenzako mbele za watu kwamba hakujui, na hiyo ni aibu kuliko njaa. Tangu jana naitwa Bwana Agizo.

Basi kiti changu kisikae bure. Jumamosi mkienda, agizo langu kwa Kasuku ni kuku na viazi vya kukaanga, pilipili pembeni wala si juu. Pilipili ikimzidi hasemi, na Kasuku akinyamaza watu watamwita daktari. Na wewe uniagizie kama kawaida, mtu anilie. Kisha uniandikie nani aliagiza nini. Hizo ndizo habari ninazozitaka.

Miezi sita imebaki, Mama. Mwanzoni mwa Agosti napewa cheti cha daraja la kwanza, narudi.

Mwanao,
Fundi


Nyumbani, 16 Februari

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Malengelenge usiyatumbue. Miaka thelathini nimepiga pasi mashuka ya hospitali, habari za kuungua usinifundishe.

Jumamosi tulienda. Meza yetu ile ile karibu na sinki, mguu mmoja bado mfupi, na Bado Kidogo akaja na kipande cha boksi akakisokomeza chini yake. Nywele zimemwisha mhudumu wetu yule, lakini jibu lake halijazeeka. Ukimuuliza chakula kiko wapi, "Bado kidogo." Ukimuuliza mke wake amepona, "Bado kidogo." Kasuku akamuuliza ataacha kazi lini, akafikiri sana, kisha akasema hilo hilo.

Kuku wako amefika salama tumboni mwa Kasuku. Wewe nilikuagizia samaki, wali na ndimu. Tukaiweka sahani mbele ya kiti chako kwanza, kwa heshima, halafu Kasuku akamla na huyo samaki. Anasema kula kwa niaba ni kazi ngumu, anaomba posho. Yeye alimwagizia shangazi yako nyama ya rosti, na huyo naye akafuta mchuzi mpaka maua ya kitambaa cha meza yakaanza kuogopa.

Shangazi yako mimi aliniagizia supu. Supu peke yake, bila hata mkate! Nikamwambia wifi, nani kakwambia nimeng'oka meno? Akasema, "Kunywa, nyamaza." Nimekunywa yote.

Fanya kazi. Kofia ya uso usiivue hata kwa dakika moja.

Mama yako


Nyumbani, 17 Februari

Wifi yangu,

Asante kwa ile supu. Asante na kwa kunifokea, maana ungeniangalia kwa huruma ningelia pale pale mbele ya Bado Kidogo.

Daktari amesema yale yale uliyoyahisi wewe kwa vidole vyako vya ukunga. Ni uvimbe kwenye njia ya chakula, umekaa kama mtu aliyeziba mlango. Kitu kigumu hakipiti tena. Kupasua, anasema tumechelewa. Nikamuuliza kama nitafika Agosti, akageuka kuangalia dirishani. Kule nje hakukuwa na kitu, wifi, niliangalia na mimi.

Kasuku anajua. Analia kazini, kwenye dirisha la tiketi, abiria wanadhani kuna basi limepinduka. Lakini Fundi asijue. Najua utasema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi kiniumbue. Alikatiza masomo ya ufundi baba yake alipofariki, akabeba magunia sokoni miaka mitatu ili mimi na Kasuku tule. Mtoto wa miaka kumi na saba! Akijua leo, kesho yuko mlangoni, na cheti ndiyo basi tena. Sikubali kumkatiza mara mbili.

Kwa hiyo niapie. Wewe endelea kuniagizia kinachopita, na unitukane kidogo kama kawaida. Mimi nitaandika kwa mzaha. Ukimwambia nitakununia mpaka kaburini, nawe unanijua nikinuna.

Wifi yako


Kambini, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti bwenini. Sehemu ya maua ya kitambaa wamenirudisha nisome tena. Asante kwa samaki, Mama. Nilimla kwa macho.

Sasa hiyo supu. Mtu mzima, Jumamosi, ametoka kwake amevaa gauni lake zuri, anaagiziwa maji ya mifupa? Shangazi ana nini siku hizi? Yeye anakula rosti, wewe unapuliza bakuli! Mwambie nimesema safari ijayo akuagizie nyama ile ya kuchoma, ya mbavu, ambayo ulikuwa ukifika mfupa unaufungia leso ili usichafue vidole. Mwambie Bwana Agizo amesema.

Kasuku mpe samosa nne na chai ya maziwa. Nimemwonea huruma kidogo, nne zinatosha.

Mwanao,
Fundi


Nyumbani, 23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie kwa kuchelewa, kulikuwa na kazi nyingi za ndani.

Mwezi huu tumeenda mara mbili. Mara ya kwanza alikuja pia yule rafiki yangu wa chumba cha pasi, unamkumbuka, anayecheka kabla hajamaliza hadithi. Tukambananisha pembeni, Kasuku akamwagizia biriani yeye na shangazi yako kwa pamoja, rafiki yangu akalia kwa furaha. Anasema toka mumewe ahame hakuna mtu aliyewahi kufikiria ale nini. Samosa zako zilifika sita, Bado Kidogo hajui kuhesabu akimwona Kasuku.

Wewe nilikuagizia samaki, kama kawaida. Alikuwa mkubwa safari hii, mkia umetoka nje ya sahani.

Mimi shangazi yako aliniagizia uji. Usicheke! Uji mwepesi, wa kikombe. Eti anasema nimenenepa, nipunguze. Na kweli nimepungua, gauni la bluu limenilegea, nimelikaza pande zote mbili na bado mabega yanateleza. Kasuku anasema sasa naonekana msichana. Usimjali shangazi yako, ndivyo alivyo.

Umebakiza miezi minne na siku chache. Nazihesabu mimi.

Mama yako


Kambini, 9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ninakuheshimu, ndiyo maana nakuandikia wewe mwenyewe badala ya kukusema pembeni.

Mama yangu amefanya kazi amesimama miaka thelathini. Siku moja tu katika wiki anakaa, anahudumiwa, na siku hiyo wewe unampa supu. Wiki nyingine uji! Kisha unamwambia amenenepa. Ananiandikia kwa mzaha kwa sababu hajui kulalamika, lakini mimi nimezaliwa naye, najua anapocheka na njaa. Gauni limemlegea, Shangazi. Anaona haya kukwambia.

Sijui ni uchoyo au ni nini. Baba angekuwepo usingethubutu. Anakaa kulia kwako, tumbo lake liko mikononi mwako, nawe unamfanyia hivi mbele ya watu, wewe huku unafuta rosti.

Kama umechoka kumwagizia mama, sema. Nitamwagizia mimi.

Fundi


Kambini, 9 Aprili

Bado Kidogo, mzee wangu,

Shikamoo. Pokea pesa hizi kwa mkono wa dereva, kuna na chako humo.

Jumamosi mama akifika, shangazi asiagize kitu kwa ajili yake. Agizo ni langu. Mbavu za kuchoma, sahani kubwa, wali, viazi, kachumbari. Mwite kwa sauti ili meza za jirani wasikie: "Agizo la mwanao!" Najua nimeruka kiti, sheria yetu hairuhusu, lakini sheria iliwekwa na watu wanaopendana.

Wewe umenifichia mengi. Miaka yote hii unazoa zile karatasi za kufutia mikono zenye samaki wangu ndani na hujawahi kusema neno. Laiti Mama angejua kwamba samaki simpendi tangu siku ya kwanza! Nifichie na hili mpaka Jumamosi.

Bwana Agizo


27 Aprili

Mwanangu Fundi,

Sahani imefika. Bado Kidogo aliita kwa sauti, watu wote wakageuka. Nyama ilikuwa imeiva vizuri, mafuta yake yanalia bado. Hakuna mama aliyeketi mle ndani siku hiyo aliyekuwa na mtoto kama wangu.

Nimekula. Ilikuwa tamu. Asante baba.

Shangazi yako usimseme tena.

Mwandiko usikushangaze, meza inatikisika.

Mama yako


4 Mei

Fundi,

Salamu baadaye. Mimi ndiye niliyekupokea ulipotoka tumboni, nikakupiga kofi ili ulie. Leo nakupiga la pili.

Mama yako ana uvimbe kwenye njia ya chakula. Anajua tangu Februari. Supu uliyoitukana, na uji ulioutukana, ndivyo vilivyokuwa vinapita. Mgonjwa haulizwi uji, nami sikumuuliza, nilimwagizia. Nilikuwa naenda jikoni mwenyewe, namwambia mpishi achuje mara mbili, nasimama pale kwenye moshi mpaka amalize. Kisha narudi mezani namfokea mama yako ili asilie. Rosti nilikuwa naifuta kwa sababu yeye alikuwa anataka kuona mtu anakula. Alikuwa ananiambia kwa macho, endelea.

Alitufunga kwa kiapo, kwa ajili ya cheti chako. Nami nilinyamaza. Barua yako nimeipokea nikanyamaza. Nimesoma kwamba mimi ni mchoyo na kwamba kaka yangu angekuwepo nisingethubutu, nikaikunja.

Halafu ikaja ile sahani. Bado Kidogo kaita kwa furaha, maskini, hakujua. Hata Kasuku alinyamaza. Nikasema Fundi ameruka kiti, sheria haimruhusu, hii irudi jikoni. Mama yako akanishika mkono. Akasema, "Wifi, mwanangu ameniagizia. Ulichoagiziwa hukirudishi." Akakata vipande vidogo kama vya kumlisha mtoto. Cha kwanza alikitafuna muda mrefu sana, amefumba macho. Cha pili kikapita kwa maji. Cha tatu hakikupita.

Sitakueleza yaliyofuata. Bado Kidogo ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Hospitali walimtoboa tumbo wakaweka mrija, sasa analishwa kwa mrija. Barua ya tarehe 27 aliiandika kitandani, nimemshikia karatasi mimi. Ile meza inayotikisika ni mkono wangu.

Kiapo nimekivunja. Njoo. Usitume maagizo tena, jilete mwenyewe.

Na mezani kwenu mimi sikai tena.

Shangazi yako


Kambini, 14 Mei

Mama yangu,

Shangazi ameniambia. Usimgombeze.

Nimeandika barua hii mara nne na kila mara nafika hapa naichana. Mama, ni mimi niliyekuagizia zile mbavu. Nilijisifu bwenini. Niliwaambia wenzangu, leo mama yangu anakula.

Nilifunga begi hapo hapo. Msimamizi akanifuata akasema mshono wa bomba kuu hauachwi katikati, fundi wa kunipokea anapanda na lori lijalo. Nikingoja siku kumi na nne, kwa kuwa umenifikia huo msiba wa ugonjwa, atanipa cheti mkononi kabla ya muda. Nikishuka leo, sipati. Nikamwambia kaa nacho. Kisha nikakumbuka ulivyonisindikiza siku ile, ulinishika kola ukasema nisirudi bila karatasi. Na Shangazi anasema uliuficha ugonjwa miezi mitatu kwa ajili ya karatasi hiyo. Nikafungua begi.

Siku kumi na nne tu, Mama. Nisubiri. Nimekusubirisha mara nyingi mlangoni, hii ndiyo ya mwisho.

Nikifika tutabadilisha viti. Nitakaa kushoto kwako, upande wa kukuagizia. Naagiza kabisa sasa hivi: supu, ichujwe mara mbili, iwe vuguvugu. Nitaimimina kwenye mrija kwa mkono wangu. Na siku ikikataa, tutaiweka mezani tuitazame wote.

Mwanao


Nyumbani, 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kasuku anasema ulikaa siku tatu za msiba, ukaosha vyombo vyote, ukaondoka asubuhi ya siku ya nne. Mimi nilifika siku iliyofuata.

Alifariki Ijumaa tarehe 23, nami nilishuka na lori tarehe 28. Unayajua hayo, nayaandika ili mkono wangu uyazoee. Barua yangu ya tarehe 14 niliikuta juu ya kabati, haijafunguliwa. Ilifika siku mbili baada ya mazishi. Kwa hiyo hakujua kwamba nakuja, wala hakujua kwamba ninajua. Cheti ninacho. Nimekiweka chini ya mashuka aliyoyapiga pasi, sina mahali pa kukitundika.

Jumamosi Kasuku alinivuta twende mkahawani. Sikutaka. Tulikaa wawili kwenye meza ya watu wanne, hatukujua nani amwagizie nani. Bado Kidogo hakuja na lile daftari lake. Alikwenda jikoni moja kwa moja, akarudi na sahani moja akaiweka mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa samaki, Shangazi. Nilisema moyoni leo nitamla mpaka miiba.

Haikuwa samaki. Ilikuwa maini ya kukaanga na vitunguu vingi, na viazi vya kuchemsha. Sijawahi kumwambia mtu yeyote duniani kwamba hicho ndicho chakula ninachokipenda. Nilikuwa nakiagiza nikiwa peke yangu, kwenye migahawa ya safarini.

Bado Kidogo alisema, "Hili agizo ninalo karibu wiki tatu sasa. Mama yako aliniita hospitalini." Akatoa mfukoni barua iliyokunjwa ndani ya karatasi ya kufutia mikono. Kisha akaenda akasimama kwenye sinki, akafungua maji, akawa ananawa mikono tu.

Nimeinakili yote, iko nyuma ya karatasi hii. Ina neno lako pia.

Shangazi, niliandika nikiwa sijui kitu, lakini hata mjinga ana adabu zake, nami nilizikosa. Nilikutaja na baba. Umesimama kwenye moshi wa jiko kwa ajili ya mama yangu, na mimi nikakuita mchoyo. Sina cha kujitetea. Sasa mama hayupo, na anayefuata kulia kwako ni mimi. Nakuomba urudi mezani. Usiporudi nitaelewa, lakini sitajua nani aniagizie.

Fundi


11 Mei, hospitalini

Mwanangu,

Nakuandikia hii uipate ukiwa umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza. Kama sahani imeshakuja, kula kabla haijapoa, utasoma ukitafuna, sina mtu wa kukugombeza.

Shangazi yako ananiambia hajakwambia kitu, na uso wake unasema amekwambia. Vyovyote. Nina mambo mawili tu.

La kwanza ni zile mbavu. Usinifanyie ujinga wa kujilaumu. Ugonjwa ulikuwa umeshamaliza kazi yake, mimi nilikuwa nangoja tu kutolewa nje. Tangu Januari nilikuwa sijatafuna kitu. Unajua kutamani kutafuna kulivyo? Nilipokuwa naangalia shangazi yako anakula, taya zangu zilikuwa zinakwenda zenyewe chini ya leso. Kile kipande cha kwanza nimekitafuna mpaka kikaisha utamu, na utamu ule naujua mimi peke yangu. Ningeweza kukataa. Wifi alinipa na njia ya kukataa. Nilikula kwa kutaka.

La pili ni samaki.

Baba yako ndiye aliyekuwa anakaa kulia kwangu. Wiki ya tatu baada ya kumzika tulirudi pale, na wewe bila kuambiwa ukaenda ukakaa kwenye kiti chake. Nadhani uliona kisikae kitupu mbele yangu. Bado Kidogo akaja, na mdomo wangu ukasema samaki, kwa mazoea, maana kwa mtu wa kiti kile nilikuwa nimeagiza samaki miaka kumi na tisa. Nikajuta hapo hapo. Lakini wewe ukala. Nikakuona unameza kwa maji, nikakuona unaficha vipande kwenye karatasi. Nikasema moyoni, tukifika nyumbani nitamuuliza.

Sikuuliza. Jumamosi iliyofuata nikaagiza samaki tena, na safari hiyo haikuwa mazoea. Nilitaka kuona mtu anakula samaki kwenye kile kiti. Ukiinama ulikuwa na shingo yake. Nilijiambia mara moja tu, kisha mara moja nyingine, na ikawa miaka kumi na minane. Wewe ukidhani unanificha, na mimi nikikuacha udhani. Nisamehe. Nilikuwa namwagizia yeye, nikikulisha wewe.

Lakini usifikiri nilikuwa sikujui. Ukirudi safarini ulikuwa unanuka vitunguu na maini, na unafua shati lako mwenyewe siku hiyo. Nimenusa nguo za watu miaka thelathini, baba. Hili ni agizo langu la kwanza kwako wewe mwenyewe. Limechelewa. Maliza sahani.

Shangazi yako mwangalieni. Akifoka, anapenda. Kasuku msimwache ale peke yake.

Mama


6 Juni

Fundi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja. Ya mama yako nimeisoma mpaka mikunjo inataka kukatika.

Habari ya samaki niliijua. Aliniambia mwaka ule ule. Nilikuwa namgombeza, mwambie mtoto, ananijibu kama Bado Kidogo. Sasa nalia peke yangu humu ndani kama mwendawazimu, jirani amekuja kugonga mara mbili.

Ulichoniandikia kiliniuma sana. Sitakudanganya kwamba nimesahau. Nilikuwa namwosha wifi yangu kwa mara ya mwisho, maneno yako yanapita kichwani. Nilitaka kuyaacha nje, hayakutoka.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja na basi la asubuhi, Kasuku aniwekee dirishani. Mwambie Bado Kidogo kile kiti cha nne akiondoe kabla sijafika, nikikikuta pale nitageuka. Tutasogea. Kasuku ataniagizia anachotaka, nitakula. Wewe utakaa kulia kwangu, na agizo lako natoa sasa hivi ili mpishi ajiandae: supu. Supu peke yake, bila mkate, imechujwa mara mbili. Nitakwenda jikoni kuisimamia mwenyewe.

Utakunywa yote, polepole, nami nitakaa nakutazama. Bakuli likiwa jeupe, yameisha.

Shangazi yako